Kibao cha maegesho kinapowafukuza watoto ufukweni

Kibao kinachomzuia baba kwenda kuvua samaki na wanawe mara nyingi hakina hata neno samaki. Kimeandikwa tu kwamba ni marufuku kuegesha gari hapa usiku hadi asubuhi, au kwamba maegesho ni ya wakazi wenye kibandiko. Bahari iko palepale, njia ya kushukia ipo, na sheria inamruhusu kuvua. Anachokosa ni mahali pa kuliacha gari kwa saa tatu.

Hali hii inaonekana vizuri katika Rhode Island, jimbo dogo kuliko yote nchini Marekani. Ni dogo kweli, lakini ukihesabu ghuba na visiwa vyake, pwani yake inafika takriban kilomita 640, na vibao vya namba za magari huko vimeandikwa kwamba hilo ni Jimbo la Bahari. Wanaozungumziwa hapa si wavuvi wa boti na nyavu. Ni watu wanaosimama juu ya mawe au mchangani na fimbo, mshipi na kopo la chambo, wengi wao baada ya kazi au siku za mapumziko, na mara nyingi wakiwa na mtoto ubavuni. Ni burudani ya bei nafuu. Mkazi hulipa dola 7 kwa mwaka kupata leseni ya kuvua baharini, na mtoto aliye chini ya miaka 16 haihitaji. Wengine huvua kwa kujifurahisha, wengine samaki wanayempata ndiye kitoweo cha jioni.

Haki yao ni ya zamani kuliko nchi yenyewe. Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza alipolipa koloni hilo hati yake mwaka 1663, kuvua samaki pwani kulitajwa ndani yake. Katiba ya jimbo iliyoanza kutumika mwaka 1843 iliilinda haki hiyo, na marekebisho ya mwaka 1986 yakaiweka wazi zaidi kwa kuorodhesha mambo manne: kuvua samaki kutoka ufukweni, kuokota mwani, kuingia baharini kuogelea na kupita kando ya ufukwe. Ni nchi chache ambako kuokota mwani kumeandikwa kwenye katiba.

Swali lililosumbua kwa miaka ni ufukwe wa umma unaishia wapi na ua wa mtu unaanzia wapi. Mwishoni mwa miaka ya 1970, kundi la watu lilikuwa likitembea kwenye ufukwe wa mji wa Westerly. Mwenye eneo akiwa na askari aliwasimamisha, wakashtakiwa kwa kuingia eneo la mtu bila ruhusa, na mahakama ya mji ikawatoza faini ya dola 10 kila mmoja. Walikuwa wakifanya nini? Walikuwa wakisafisha ufukwe, wakiokota takataka.

Kesi hiyo ilifika Mahakama Kuu ya jimbo, na mwaka 1982 watu hao waliachiwa kwa kuwa hawakuwa na namna ya kujua mpaka uko wapi. Lakini mahakama hiyohiyo ikaamua kwamba mpaka ni mstari wa wastani wa maji kujaa, wastani unaokokotolewa kwa zaidi ya miaka 18 ya vipimo. Mstari wa namna hiyo hauonekani kwa macho. Mama aliyesimama mchangani na mwanawe hawezi kujua kama yuko kwa umma au kwa jirani. Ilichukua zaidi ya miaka 40 kurekebisha jambo hilo. Mwezi Juni 2023 jimbo lilipitisha sheria inayosema mtu anaweza kutumia ufukwe hadi futi 10, yaani kama mita tatu, juu ya alama ya maji kujaa inayoonekana, ule mstari wa mwani na uchafu ambao bahari huuacha ikirudi. Sasa hata mtoto wa darasa la pili anaweza kuonyesha mpaka kwa kidole.

Ingetosha kama watu wangeshuka kutoka mbinguni moja kwa moja hadi kwenye mstari wa mwani. Lakini wanakuja kwa gari, na gari lina sheria zake. Baraza la jimbo linalosimamia pwani limetambua rasmi zaidi ya njia 200 za umma za kufika majini, na lengo lake la siku nyingi ni kuwa na angalau njia moja kwa kila maili ya pwani. Baraza linatambua njia, lakini mitaa inayoelekea kwenye njia hizo iko chini ya halmashauri za miji, na halmashauri ndizo zinazoweka vibao vya maegesho. Njia inaweza kuwa halali kabisa, imepimwa, ina alama yake, na hakuna pa kuegesha hata gari moja kwa umbali wa kilomita.

Namna mtaa unavyofungwa haihitaji njama. Samaki wanaotafutwa sana huko, kama striped bass, hupatikana zaidi usiku na alfajiri. Kwa hiyo saa 10 alfajiri magari yanaanza kuingia kwenye mtaa mwembamba wenye nyumba pande zote. Milango inabamizwa, taa zinamulika madirisha, mtu mmoja anaegesha mbele ya geti. Kunapopambazuka, mwenye nyumba anatoka na kukuta vikombe vya kahawa, maboksi ya chambo yanayonuka na tambazi la nailoni kwenye nyasi. Analalamika, na jirani yake naye analalamika. Katika kikao cha halmashauri wanaohudhuria ni wakazi wa mtaa huo, kwa sababu mvuvi anaishi mji mwingine na hana kura hapo. Kibao kinawekwa. Hakuna aliyepiga kura kufuta haki iliyodumu kwa zaidi ya miaka 300, watu wamepigia kura maegesho tu.

Mwenye nyumba ana hoja. Mtu aliyelipia nyumba yake hatakiwi kuamshwa kila usiku wala kuokota ndoana kwenye njia anayopitia mjukuu wake, na wavuvi wanaojibu malalamiko hayo kwa kutaja katiba wanajiharibia wenyewe. Hata hivyo kuna tofauti kati ya kumwadhibu mchafuzi na kuufunga mtaa. Kibandiko cha wakazi hakimuulizi mtu kama aliacha takataka. Kinamuuliza anaishi wapi. Mkazi anayetupa chupa anabaki, na baba aliyekuja na mfuko wake wa taka kutoka mji wa pili anaondolewa. Uchafu ni tatizo la kweli, na pia ni kisingizio kizuri kwa anayetaka ufukwe uwe wake. Mambo hayo mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, na anayetupa taka ndiye anayeyaunganisha.

Wanaoumia kwanza wanajulikana. Mwenye boti ana gati lake, na mwenye nyumba ya ufukweni anashuka kwa miguu. Anayebaki nje ni anayeishi bara kidogo, kwenye nyumba ya kupanga mjini Providence, pamoja na familia za wahamiaji. Miongoni mwao zipo familia za Wakongomani wanaozungumza Kiswahili, na kwa mtu aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika, kukaa na mshipi mkononi si michezo ya kufundishwa ukubwani. Mabasi ya umma hayapangwi kwa saa za samaki. Kwa familia hizo, bila maegesho hakuna ufukwe.

Kwa upande wa afya, hasara ni kubwa kuliko samaki wanaokosekana. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka mitano hadi 17 apate angalau dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, na wazazi wengi wanajua jinsi ilivyo vigumu kumtoa kwenye simu hata kwa nusu saa. Mtoto anayevua anapanda mawe, anachota maji, anarusha na kuvuta, na anakaa karibu na mzazi wake kwa muda mrefu bila kuhubiriwa. Vijana wasiopenda kuulizwa maswali mezani huwa wanaongea wenyewe wakiwa wamekaa bega kwa bega wakiangalia maji. Hilo halipimwi hospitali, lakini mzazi yeyote mwenye kijana wa miaka 14 anajua thamani yake.

Mtoto huyohuyo ndiye anayeumizwa na takataka za wavuvi. Taka zao hazifanani na maganda ya machungwa.

Nailoni ya mshipi haiozi kwa kipindi ambacho binadamu anaweza kukisubiri, inakaa mamia ya miaka. Ni nyembamba na karibu haionekani, ndiyo maana samaki hawaioni. Mguu wa mtoto anayekimbia nao hauioni. Ikijizungusha kwenye kidole na kukazwa inaweza kukata ngozi au kuzuia damu kupita. Ndege wa pwani hunaswa miguu na mabawa, wakafa polepole, na watoto ndio huwa wa kwanza kuwaona. Kuichoma palepale ufukweni si suluhisho, moshi wake una sumu.

Ndoana ina kijino cha nyuma kilichowekwa makusudi ili isitoke. Ikizama kwenye mguu au kiganja cha mtoto, mzazi asiivute kwa nguvu kuirudisha ilikoingia, kwa sababu kijino hicho kitachana nyama. Akate mshipi, aizuie ndoana isichezecheze, ampeleke mtoto kituo cha afya. Ikiingia jichoni au karibu na jicho haiguswi kabisa. Jicho lifunikwe bila kukandamizwa, hata kwa kikombe cha karatasi, na safari ya hospitali ianze hapohapo. Akifika aende na kadi ya kliniki, kwani swali moja atakaloulizwa ni la chanjo ya pepopunda. Ndoana iliyolala mchangani na mabaki ya chambo si safi, na kidonda kidogo chenye tundu refu ndicho pepopunda hukipenda.

Jambo linalosahaulika zaidi ni chubwi, ule uzito unaozamisha ndoana. Mara nyingi hutengenezwa kwa risasi, madini ambayo kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani hayana kiwango kinachojulikana kuwa salama mwilini. Mwili wa mtoto mdogo hunyonya risasi aliyoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mwili wa mtu mzima, na inaathiri ubongo unaokua: uwezo wa kujifunza, umakini, tabia. Wasomaji wa Mombasa hawahitaji kuelezwa sana. Wakazi wa Owino Uhuru waliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, watoto wao wakapata sumu ya risasi, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Chubwi moja si kiwanda, ni kweli. Lakini wavuvi wengi huzibana zile ndogo kwenye mshipi kwa meno, na mtoto anamwangalia baba akifanya hivyo kisha anaiga. Mtoto wa miaka miwili naye akiiokota mchangani inaingia kinywani kama vitu vingine vyote. Akimeza, asisubiriwe hadi itoke yenyewe. Tindikali ya tumboni huiyeyusha risasi kidogokidogo, hivyo anapaswa kufikishwa hospitali siku hiyohiyo, na mzazi aseme wazi kwamba kilichomezwa ni risasi. Nyumbani, chubwi hazikai kwenye droo ya vijiko, na mikono huoshwa kwa sabuni kabla ya kula hata kama ni mhogo wa kukaanga palepale ufukweni. Uingereza ilipiga marufuku uzito mwingi wa risasi kwa wavuvi wa mshipi mwaka 1987 baada ya bata maji kufa kwa kuzimeza. Walioiondoa sheria ikawa rahisi ni ndege, kabla hata ya hoja ya watoto kupata nafasi.

Japani inaonyesha mambo yanavyokuwa yakiachwa hadi mwisho. Nchi hiyo ina bandari ndogo za wavuvi zisizohesabika, na kwa miaka mingi familia zilizoea kwenda kuvua kwenye kuta za bandari hizo siku za mapumziko. Bandari moja baada ya nyingine zimeweka vibao vya kukataza, na sababu zinazotajwa zinajirudia: takataka, magari yanayoegeshwa ovyo na kuwazuia wavuvi wenyewe kufika kwenye boti zao. Huko hakuna matajiri wanaotaka ufukwe wao. Waliochoka ni watu wanaofanya kazi hapo, na ni vigumu kubishana nao. Baadhi ya bandari zimeanza kufunguliwa tena kwa utaratibu wa kulipia, ambapo familia inaweka nafasi ya kuvua na ya gari kwa simu kabla ya kutoka nyumbani. Utaratibu huo unafanya kazi, ila kilichokuwa bure sasa kina bei, na wanaolipa ni pamoja na wale ambao hawakuwahi kutupa kitu.

Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, karatasi nazo ziko upande wake. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na maji kupwa ni ardhi ya umma. Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Sheria hizo zinalinda mchanga. Njia ya kufikia mchanga, na mahali pa kuacha gari, bajaji au pikipiki, ni maswali ya halmashauri, ya mtaa na ya mikutano ambayo watu wengi hawahudhurii.

Yapo majibu yaliyojaribiwa. California, ambayo ina sheria ya pwani tangu mwaka 1976, inachukulia kwamba mji unapobadilisha maegesho karibu na ufukwe unabadilisha haki ya watu kufika baharini, na kwa kawaida mji lazima uombe kibali kwa tume ya pwani ya jimbo. Halmashauri haiwezi kusema ni kibao tu. Mahali pengine mjadala unaanza na saa. Kama kero ni kelele za usiku wa manane, kuna haja gani ya kufunga maegesho saa 4 asubuhi Jumamosi, wakati familia zenye watoto ndipo zinapofika?

Mapipa nayo yana ubishi wake. Fukwe na mbuga za Rhode Island zimeendeshwa kwa miaka mingi bila mapipa, kwa utaratibu wa kila mtu kurudi na alichokuja nacho. Unapunguza gharama na unafaa kwa anayejua. Asiyejua, au aliyekuja na watoto wanne na mfuko umepasuka, anaacha taka pembeni ya jiwe, na kesho yake inapigwa picha ya kupelekwa kwenye kikao. Kwa nailoni peke yake kuna kifaa cha bei ndogo kinachoonekana kwenye magati mengi ya Marekani: kipande cha bomba la PVC kilichofungwa kwenye nguzo, chini kina mfuniko, juu kina kiwiko kilichopinda ili mvua isiingie na ndege wasijenge. Mvuvi anasokomeza mshipi uliokatika humo, na mtu anayejulikana kwa jina analifungua kila wiki. Fundi bomba yeyote wa Kigamboni au Likoni anaweza kulitengeneza kwa vipande vilivyobaki kazini.

Sehemu ngumu ni huyo mtu wa kila wiki. Bomba lisilofunguliwa linajaa, nailoni inaning'inia nje, na mwenye nyumba wa jirani anatoa simu yake kupiga picha.